Kati ya Mandara na Horombo

Ukishatoka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, msitu mrefu unakuacha mapema. Mipodo, miti mikubwa ya msitu wa mlimani, inabaki nyuma, unaingia kwenye erika: miti yenye majani mafupi membamba kama sindano, mashina yaliyopinda na gome linalochanika nyuzinyuzi. Nilijua tungefika palipoungua. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia upande huu, eneo la Whona, wapandaji wanapopumzika kula, ukateketeza takribani kilomita za mraba 95. Nilitarajia kukuta makaa na nyasi. Nikakuta mashina meusi makavu yanayonizidi urefu, yamesimama kama nguzo za uzio ulioachwa, na chini ya kila shina kichaka kibichi kinachonifika kiunoni.

Mwongozaji wetu aliinama, akasogeza majani makavu kwa kidole. "Huu haujafa, kaka. Tazama kitako chake."

Nilikitazama hadi wenzangu wakaniacha mbali. Pale shina linapoingia ardhini, erika huvimba na kufanya fundo la mti mgumu. Lile la siku hiyo lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtu, nusu yake imezama udongoni. Ndani ya fundo mti umeweka akiba ya wanga, na chini ya gome kuna vichipukizi vilivyolala. Huku juu hakuna kinachosalia hai, maana majani ya erika yana mafuta na hushika moto hata yakiwa mabichi, na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini hukauka upesi jua likitoka na kuupandisha moto hadi kileleni mwa mti. Lakini udongo haupitishi joto kwa urahisi. Moto ukipita mbio, sentimita chache chini mambo ni shwari. Shina likishakufa, hakuna tena kinachovizuia vile vichipukizi, navyo huamka kwa pamoja. Kwenye kisiki kimoja nilihesabu machipukizi 31. Mengi yatakufa kwa kukosa mwanga, matatu au manne yatakuwa miti. Ndiyo maana ukikuta erika nzee yenye mashina manne yanayotoka kitako kimoja, mara nyingi unatazama alama ya moto wa zamani.

Mbele kidogo visiki havikuwa na kitu. Rangi ni ileile nyeusi, mteremko ni uleule, ila kwenye vitako kulikuwa na mashimo, na mafundo yamegeuka mkaa. Hapo moto haukupita mbio. Udongo wa huko juu ni mweusi, umejaa mboji, na ukikauka sawasawa huwaka wenyewe, bila ndimi za moto. Hufuka chinichini kwa siku nyingi, ukalipika fundo taratibu mpaka kiini. Wazima moto wanaujua vizuri: unadhani umeuzima, kumbe umehamia chini, unaibukia ng'ambo ya mstari uliofyekwa. Dawa yake ni kuchimba mfereji hadi kwenye udongo usio na mboji, au mwamba. Kupigapiga kwa matawi mabichi hakutoshi.

Fundo likifa, kinachobaki ni mbegu. Za erika ni ndogo kama vumbi, upepo huzibeba mbali, nazo hupenda udongo ulio wazi wenye mwanga, yaani palepale palipoungua. Niliona miche ya urefu wa kidole. Shida ni muda. Mche unahitaji miaka mingi ili ujenge fundo lake na kutoa maua. Moto ukirudi kabla ya hapo, fundo halipo na mbegu hazipo, na pale panabaki nyasi na vichaka vifupi. Hilo limetokea mara nyingi Kilimanjaro: tangu 1976 mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita katika baadhi ya sehemu, kwa ukame na kwa moto wa watu, wakiwemo warina asali wanaofukiza nyuki. Mpodo ndio unaoumia zaidi, maana hauwezi moto wa mara kwa mara. Nafasi yake huchukuliwa na erika.

Koti la mvua nilikodi Marangu kwa shilingi 15,000 kwa siku, bei iliyoniuma, na lilivuja mabegani. Kwa uvujaji huo nikajua jambo. Ukungu ulipopanda mchana, chini ya erika zilizo hai mabega yalilowa kabisa: majani yale madogo huchuja ukungu, matone yakadondoka kama mvua ingawa mvua haikuwapo. Tulipoingia palipoungua, ukungu uleule ulitupita na hakuna tone lililodondoka. Maji hayo nayo huzama ardhini na kusaidia kulisha chemchemi na mito inayojaza mifereji ya migombani huko chini.

Horombo, kituo cha pili cha kulala, kulikuwa na baridi na kitanda chembamba. Siku za juu siziandiki.

Nilichofikiria njiani kurudi ni kwetu Mufindi. Kule msindano, yaani paina, ukiungua hatuna cha kusubiri kwenye kisiki, hauchipui. Mkaratusi huchipua, kila mtu anajua, na wengi hudhani miti yote ni hivyo. Msindano wenyewe umeweka tegemeo juu: baadhi ya koni zake zenye mbegu hukaa zimefungwa kwa utomvu miaka kadhaa, joto la moto likazifungua, mbegu zikaangukia majivu. Kaka yangu aliunguliwa na shamba mwaka jana, akataka kulilima lote apande upya. Nilimpigia nikiwa bado Moshi: kaka, mvua zikishika, pita kwanza kati ya mashina meusi ukague chini. Miche ikiwa imejaa kama nyasi, usiing'oe yote. Acha mmoja wenye shina lililonyooka kila mita tatu, mingine ing'oe ikiwa haijafika magotini, maana ikichelewa mizizi hufungamana na utaondoka na ule uliotaka kuuacha. Na zile njia za kukinga moto zifyekwe Mei, kabla nyasi hazijakauka.