Vidonda vya Tope la Hanang

Kidonda kilichoingia tope hakishonwi siku ile ile. Kila muuguzi wa chumba cha upasuaji huifahamu kanuni hii tangu chuoni, lakini sikujua jinsi ilivyo vigumu kuieleza kwa ndugu wa mgonjwa mpaka nilipokwenda Manyara kwa kujitolea, pamoja na timu ya upasuaji iliyosaidia kuhudumia majeruhi wa maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania.

Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ambao miamba yake dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi ilimeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka hadi kwenye makazi ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Waliofariki walizidi 80. Miongoni mwa waliookolewa, tope lilikuwa limejaa masikioni na puani, na, jambo lililotushughulisha zaidi, lilikuwa limeingia ndani ya nyama iliyochanika na kuzunguka mifupa iliyovunjika.

Udongo wa nchi ya wafugaji hauchezewi, kwa kuwa kinyesi cha mifugo hubeba vimelea vya pepopunda. Kwa hiyo chanjo ilikwenda sambamba na dripu. Kisha daktari hukata nyama iliyokufa mpaka afikie ile inayotoa damu, kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi lita baada ya lita, huachwa wazi chini ya bandeji, na mgonjwa hurudishwa mezani baada ya siku mbili hivi ili kitazamwe upya. Kikiwa safi, ndipo hufungwa. Kukishona mapema ni kuufungia usaha ndani, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa.

Sasa mweleze hayo mama ambaye amepoteza nyumba na anamwona mwanawe akitoka chumba cha upasuaji na paja lililo wazi. Wengine walidhani tumeshindwa kazi. Baadhi ya wazee walizungumza Kidatoga au Kiiraqw zaidi ya Kiswahili, na aliyetuokoa ni mama mmoja mfanya usafi aliyezijua lugha zote tatu, ambaye aliwaamkia wazee kwanza, akawauliza habari za watu wao, ndipo akaingia kwenye habari ya kidonda. Kwa maoni yangu alistahili posho kuliko baadhi yetu.

Upungufu wetu mkubwa haukuwa wa madaktari. Shashi ziliisha haraka, na majoho ya upasuaji, yakishafuliwa, hayakukauka kwa sababu ya mvua, hivyo mgonjwa aliyekwisha andaliwa alisubiri vitambaa vitoke kwenye mtambo wa kutakasia. Hata hivyo, simu nyingi tulizopokea zilikuwa za mabingwa waliotaka kuja kupasua, wala sikumbuki aliyeuliza kama tunahitaji mtu wa kubadilisha bandeji.

Waliofungwa vyuma vya nje, vile vinavyopenya ngozi na kushikilia mfupa uliovunjika, walihitaji kusafishwa matundu ya vyuma mara kwa mara kwa wiki nyingi, muda ambao sisi tungekuwa tumekwisha rudi makwetu. Muuguzi mwenyeji alituuliza waziwazi ni nani angevifungua. Tulikaa naye, tukapanga tarehe ya kila mgonjwa, tukamfundisha kazi hiyo akiwa ameshika spana mwenyewe, na daktari wetu wa mifupa akakubali kurudi kwa wale ambao mifupa yao ingechelewa kuunga.