Mtambo wa zamani wa jeshi kwa bunduki mpya ya kuwindia

Kila anayeniuliza habari za kujengewa bunduki ya kuwindia juu ya mtambo wa zamani wa jeshi, yaani kile chuma cha katikati kinachoshika mtutu na komeo linaloifungia risasi ndani, huanza na bei, au na nchi ulikotoka. Mimi huanza na risasi. Utawinda mnyama gani, na kwa risasi ipi? Ukishanijibu hayo, nusu ya mitambo iliyo sokoni inajiondoa yenyewe.

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini, sasa nimestaafu niko nyumbani Bombo, Uganda. Siku hizi sijengi, nashauri tu. Na kabla ya ushauri wowote natazama karatasi: Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti, na kazi ya kukata na kuunga ni ya fundi mwenye leseni. Asiye na cheti hatuendelei na mazungumzo.

Aliyenifanya niandike haya ni kijana anayeongoza wawindaji maeneo ya Ziwa Mburo, ambako uwindaji wa wageni ulianza tena mwaka 2001. Anataka bunduki yake mwenyewe ya kumlinda mgeni nyati anapojeruhiwa. Amepata mtambo wa Mauser 98, bunduki ya jeshi yenye asili ya Ujerumani, ule uliotengenezwa Brno, Chekoslovakia, unaoitwa vz. 24, na akataka ujengewe risasi ya .375 Holland & Holland.

"Afande, mtambo ni safi. Mbona unakataa?"

"Sikatai mtambo, mwanangu. Nakataa risasi uliyouchagulia."

Mauser 98 ya kawaida ilitengenezwa kwa risasi ya Kijerumani ya 8x57, yenye urefu wa milimita 82 hivi kutoka kitako hadi ncha. Ile .375 ina karibu 91. Ili iingie, fundi lazima arefushe magazini na kuchonga mteremko unaopandisha risasi kwenye chemba, lile tundu la mtutu inamokaa risasi. Sasa, nyuma ya mteremko huo ndipo lilipo egemeo la jino la chini la komeo, lile linalobeba kishindo kila unapofyatua. Ukichonga pale unapunguza chuma mahali pasipotaka kupunguzwa. Mafundi hodari wamefanya hivyo miaka mingi na bunduki zao zinafanya kazi, nakubali. Lakini kwa nini uanze na udhaifu wakati ipo risasi iliyozaliwa kwa ajili ya mtambo huu? Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa Berlin, alitengeneza 9.3x62 ili ikae ndani ya Mauser ya kawaida bila kuchonga chochote cha maana, na waliokwenda makoloni ya Kijerumani ya Afrika, Tanganyika ikiwemo, waliipenda. Inarusha kichwa cha risasi cha gramu 18.5. Kwa nyati inatosha kabisa, ila kuna nchi zilizoweka .375 kuwa kiwango cha chini, kwa hiyo uliza mamlaka ya wanyamapori kabla hujalipa senti.

Akishikilia .375 kabisa, basi atafute P14 au M1917, zile Enfield zilizotengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Kwanza. Ni ndefu, nzito, na zina nguvu. Kasoro yake ni masikio mawili ya kulinda shabaha ya nyuma, yanayopaswa kusagwa ili darubini ikae. Zile za kiwanda cha Eddystone zikaguliwe zaidi, maana mitutu yake ilikazwa mno, na wakati wa kuifungua mtambo huweza kupasuka.

Kwa nini basi moyo wangu uko kwa 98? Kwa sababu ya kucha yake. Risasi ikitoka tu magazini, ile kucha ndefu inaikamata na kuiongoza hadi chemba. Ukisita katikati ukavuta komeo nyuma, inatoka risasi ile ile. Haibaki chemba kungoja ya pili iisukume kwa nyuma na kukwama. Mtu aliyesimama kwenye majani na nyati mita ishirini mbele yake hana nafasi ya kukwama. Tena Paul Mauser aliweka jino la tatu nyuma, la akiba, na matundu kwenye komeo ili ganda likipasuka gesi itoke pembeni, isimrudie mpigaji usoni. Mauser za kabla yake, za 1893 na 1896, hazina jino hilo na hazizuii gesi vizuri hivyo. Za Uswidi zimetengenezwa kwa ustadi wa kupendeza, lakini ziachiwe risasi zake za upole.

Mauser M48 ya Yugoslavia ni nzuri, ila mtambo wake ni mfupi kwa milimita sita hivi, na kitako cha mbao cha 98 ya kawaida hakiukubali. 98 za Kijerumani za 1944 na 1945 zilifanywa kwa haraka. Springfield 1903 ya Marekani yenye namba chini ya 800,000 iache kabisa: chuma kilichomwa kupita kiasi kiwandani, na nyingine zilipasuka.

Na Lee-Enfield ya Waingereza? Hapa Bombo ndiyo bunduki ya wazee wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliokwenda nayo hadi Burma. Ni bunduki ya vita bora sana, lakini meno yake yako nyuma, kwa hiyo mtambo unanyumbuka na maganda yanarefuka, na mbao zake ni vipande viwili. Usiijengee risasi kubwa. Na ukikuta iliyo kamili, namba za komeo na mtambo zikilingana, tafadhali usiikate. Zimekatwa nyingi mno tayari.

Kijana amekubali 9.3x62. Nimemwambia asilipe mpaka fundi apime nafasi ya chemba, avue mbao kutazama kutu iliyojificha chini yake, na ampelekee picha za maegemeo ya meno. Zikifika tutazitazama pamoja. Yakiwa yamebonyea, mtambo unarudi kwa mwenyewe.