Video ya sekunde chache kwa daktari wa kifafa

Daktari hajawahi kumwona mdogo wangu akianguka. Humwona kliniki, ameoga, amevaa shati safi, anajibu kila anachoulizwa. Kifafa chake huja karibu na alfajiri, na kwa miaka daktari alikuwa akitutegemea kwa maneno. Mama akisema alikakamaa robo saa, mimi nakumbuka vingine. Hadi daktari mwenyewe akasema: "Dada, ikitokea tena, rekodi kwa simu."

Alipoiona hiyo video, aliisimamisha pale shingo inapogeukia kushoto na mkono wa kushoto unaanza kurushwa peke yake, kabla mwili mzima haujafuata. Hakuna kati yetu aliyewahi kuligundua hilo. Akatueleza kuwa huenda kifafa chake kinaanzia upande mmoja wa ubongo, akambadilishia dawa. Tena ile robo saa ya Mama, kwenye simu haikufika hata dakika mbili. Hofu hurefusha muda.

Binamu yangu wa Muscat anataka kututumia saa ya mkononi ya kutambua kifafa. Zipo kweli: Embrace ya kampuni ya Empatica ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2018. Inapima mtikisiko wa mkono pamoja na mabadiliko ya umeme kwenye ngozi, kisha inawaita ndugu kupitia simu. Naitamani kwa ajili ya usiku, maana vifo vya ghafla vya kifafa hutokea zaidi mgonjwa akiwa amelala peke yake. Ila saa hiyo hutambua degedege kubwa la mwili mzima. Mtoto anayeduwaa tu sekunde chache itampita. Na haizuii kifafa. Inaita, lazima awepo wa kuitika.

Simu tunayo tayari. Naomba jambo moja tu: video iende kwa daktari, isiende kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimeona watu wakisambaza aibu ya mtu aliyeanguka stendi, na iliniuma sana. Mdogo wangu nilimwomba ruhusa akiwa mzima.

Mmoja arekodi, uso na mikono vionekane, amwite jina tuone kama anasikia. Mwingine amlaze ubavu, asimtie kitu mdomoni. Ukiwa peke yako, egemeza simu ukutani umshughulikie yeye. Ikipita dakika 5 hajatulia, achana na video, tafuta gari.