Siku moja maishani mwangu: napokea simu za wateja, mfukoni nina yai la kilomita 10

Saa 11 alfajiri. Alamu inalia, naizima, na kabla hata sijawasha taa nishafungua Pokémon GO kuangalia yai langu limefikia wapi. Kilomita 6.1 kati ya 10. Ndio, mtu mzima kabisa, mwenye kitambulisho cha kazi na madeni, anaamka kuangalia yai la kwenye simu. Cheka umalize halafu tuendelee.

Kwa asiyeijua, hii ni gemu ya simu ya kukusanya vijidude vya kubuni viitwavyo Pokémon, ilitoka 2016, mayai unaokota kwenye vituo vya gemu unavyopita barabarani, yapo ya kilomita 2, ya 5, ya 10, na yai halianguliwi kijidude kitoke mpaka utembee huo umbali kwa miguu yako. Gari halisaidii, mwendo ukizidi kama kilomita 10 kwa saa haihesabu, kwa hiyo kwenye basi napata vimita viwili vitatu pale foleni inapotambaa tu. Kuku anaangua kwa kukaa, mimi naangua kwa kutembea.

Saa 12 nashuka vituo viwili kabla ya ofisini, natembea, yai linafika 7.5. Hesabu yangu ya leo: mchana kilomita moja na nusu, jioni namalizia, nikifika nyumbani limeshaanguliwa.

Saa 1 kasoro simu yangu inaingia kwenye kabati na kufuli. Kwenye ukumbi wa simu haturuhusiwi kuwa na simu binafsi wala kalamu na karatasi, kwa sababu ya taarifa za wateja. Kumbuka hilo, litaniuma baadaye.

Watu wakisikia napokea simu za wateja wanasema "kumbe we unakaa tu unaongea." Ndo hapo hapo penye shida, kukaa. Masaa nane na hedifoni kichwani, breki ya dakika 15 asubuhi, nusu saa mchana, 15 nyingine alasiri, na ukienda chooni unabonyeza kitufe mfumo uanze kukuhesabia. Mwaka wa nne wa hiyo kazi nilipima presha ikasoma 146 kwa 95. Daktari akasema dawa tusubiri kwanza, nitembee angalau dakika 150 kwa wiki. Nikaahidi. Nikanunua na raba, zikakaa uvunguni miezi mitano. Nikajaribu Zombies, Run!, ile ambayo unavaa hedifoni unakimbizwa na mazombi masikioni, gemu nzuri tu, ila mtu anayeshinda na sauti za watu masikioni kutwa hataki sauti nyingine hata ya zombi. Pokémon GO inanyamaza. Nazima sauti kabisa, natembea na samaki wangu wa kwenye gemu, Magikarp, samaki hana faida yoyote, kila kilomita 1 tunayotembea naye ananipa pipi moja, na nikifikisha pipi 400 anageuka kuwa Gyarados, dude moja la kutisha. Leo nina 311.

Saa 2 mpaka saa 5 na nusu: simu 38. Intaneti haishiki, nywila imesahaulika, bando limeisha kabla ya siku zake. Basi.

Saa 6 kasoro dakika 4. Breki yangu ni saa 6 kamili, na breki haisogezwi, ukichelewa kuanza muda wa kumaliza unabaki palepale. Naomba isiingie simu. Ikaingia.

Mzee mmoja, sauti ya upole, intaneti yake haifanyi kazi. Nikamwomba anisomee namba iliyo chini ya kifaa. Akasema "subiri binti, nitafute miwani." Akaiweka simu mezani. Sasa utaratibu wetu mteja akiondoka hivi hukati, unamwita, unasubiri, unamwita tena. Nasikia redio. Nasikia kiti kinaburutwa, mlango, halafu mzee anamkaribisha mgeni, wanajuliana hali, wanaulizana habari za watoto, mtoto mmoja mmoja. "Mzee, upo hewani?" Kimya. Nikasimama. Waya wa hedifoni unaruhusu hatua tatu kwenda na tatu kurudi, nikaenda na kurudi hivyo kama simba wa kwenye kizimba, supavaiza ananiangalia kwa mbali, na kila nikigeuka nakumbuka simu yangu iko kabatini. Mwili umehesabu, yai halina habari. Dakika ya 11 mzee akarudi, miwani alikuwa ameivaa. Akaanza kunisomea namba, tukakwama kwenye 0 na O, tukarudia mara nne, mgeni naye akaanza kusaidia kusoma, wakabishana wao kwa wao. Intaneti iliwaka saa 6 na dakika 19. "Mungu akubariki mwanangu." Nikasema amina na nilimaanisha, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kweli, ila dakika zangu 19 zilishaenda. Nikala huku nimesimama, nikazunguka jengo nusu, yai likasoma 7.7. Mzee baadaye akanipa alama 3 kati ya 5, simu ilichukua muda mrefu.

Mchana sikumbuki vizuri. Kuna mtu alitukana, kuna mtu alilia, koo likakauka. Jirani yangu wa kiti anafukuzia hatua 10,000 kwa siku, nikamwambia hiyo namba ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua walichouza Wajapani miaka ya 60, akaninunia mpaka tunatoka.

Jioni miguu mizito lakini nikatembea vile vituo viwili. 9.1. Nikapanda basi nikasinzia.

Usiku sijui saa ngapi, nishaoga, nishalala kabisa, nikakumbuka zimebaki mita 900. Nikaifunga gemu, maana ikiwa imefungwa ile Adventure Sync yake inasoma hatua zako bila kuhitaji GPS, nikaiweka simu mfukoni na kuanza kwenda na kurudi kwenye korido na kandambili, jirani akafungua mlango akanitazama akafunga. Raba zingesikitika. Nilipofungua ilikuwa bado haijasoma, huwa inachelewa, nikakaa kwenye ngazi nikisubiri, halafu lile neno likatokea, "Oh?", yai likapasuka.

Pokémon aliyetoka nilikuwa naye tayari. Sasa wawili.

Presha wiki iliyopita ilisoma 131 kwa 84. Nimeweka yai jingine, la 10 pia, na alamu nimeitega saa 11 kasoro robo.