Nilivyong'oa bolti zilizooza kwenye jiwe letu Masasi

Nianze na kinachonikera mpaka leo. Nilipoanza kupiga kelele kwamba bolti za kwenye jiwe letu, zile tunazonasia kamba tukipanda, zimeoza, watu watatu walinipa ushauri. Wa kwanza alisema zipakwe rangi. Wa pili, ambaye kwa kupanda ananizidi mbali, aliniuliza, "Tangu tuanze pale, nani kaanguka?" Wa tatu ni fundi ujenzi. Huyo alisema niachane na vyuma vya kuagiza, nichimbie nondo kwa saruji, kwani maghorofa yanashikwa na nini? Kwa akili zangu timamu, nikamsikiliza wa tatu.

Anayeijua Masasi anajua mji wetu umezungukwa na mawe. Ukitokea Mtwara mjini, kilomita kama 200, unaanza kuyaona kabla hujaona bati hata moja. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1876, na kanisa lao kuu liko pale Mtandi, chini ya jiwe. Wataalamu wanayaita naisi, ndugu yake graniti. Sisi tumezaliwa tukiyakuta na tumeyapanda pekupeku tangu utoto tukifukuza pimbi. Mambo ya kamba yamekuja juzijuzi. Wageni wapita njia walikaa kama wiki, wakatoboa, wakatuachia njia nne zenye bolti kwenye jiwe tunaloliita Kipara, wakaaga. Hakuna aliyewauliza wameweka bolti gani. Tuliwapigia makofi.

Mimi nimepanda minara ya simu kwa miaka sita, kwa hiyo hanesi (mikanda ya kuvaa mwilini) na karabina (pete ya chuma inayofunguka, ya kunasia kamba) kwangu ni kama jembe na panga. Ndiyo maana nilipofika juu ya njia ya pili kiangazi kile, kabla ya kujining'iniza nilikuwa nimeshafunga kamba yangu kwenye shina la mti, tabia ya minarani. Bila tabia hiyo msingesoma haya.

Kwenye bolti kuna kile kibati chenye tundu la kuingizia karabina. Sisi tunakiita sikio. Sikio la kulia lilikuwa linazunguka kama kitasa kilicholegea. Lakini lilikuwa linang'aa! Mpwa wangu, ana miaka kumi na sita, akapiga kelele kutoka chini, "Mjomba, hiyo nzima, si inang'aa?" Chini ya nati kulikuwa na mchirizi wa kahawia kwenye jiwe, kama chozi lililokauka. Nikatoa spana namba 17 nikaze kidogo. Sikufika hata nusu mzunguko. Sikio, nati na kichwa cha bolti vikabaki mkononi mwangu.

Nikageuza nikaangalia pale ilipokatikia. Pembeni pote palikuwa pekundu-kahawia, panamong'onyoka ukigusa kwa kucha. Katikati kulikuwa na kidoa cheupe cha chuma kizima, ukubwa wa punje ya choroko. Hiyo choroko ndiyo iliyokuwa imetubeba msimu mzima, pamoja na jamaa mmoja wa kilo tisini na kitu ambaye simtaji kwa sababu tunaheshimiana.

Siri ni hii. Sikio lilikuwa la stenlesi, bolti yenyewe chuma cha kawaida kilichochovywa zinki. Ukikutanisha vyuma viwili vya aina tofauti halafu ukaviloweka, kile dhaifu kinaliwa haraka kuliko kingekuwa peke yake. Mvua zetu zinaanza mwisho wa mwaka na kupiga hadi Aprili, na maji yanajificha ndani ya tundu. Kwa hiyo unachokiona kinang'aa, na kinachooza huwezi kukiona. Paka rangi basi!

Na si hilo tu. Bolti mbili za juu zilikuwa zimeachana karibu mita moja, zikaunganishwa na utepe mmoja wa nailoni uliofungwa pembetatu, umepauka kwa jua mpaka rangi yake haijulikani. Nailoni ikikaa juani muda mrefu inakufa, hata kama haijabeba mtu. Ile pembetatu nayo nilimweleza mpwa wangu kwa ndoo. Funga ndoo ya maji katikati ya kamba, watu wawili mshike ncha. Mkikaribiana, kila mmoja anabeba karibu nusu. Mkiachana mpaka kamba ifanye pembe ya nyuzi 120, kila mmoja anavuta uzito wa ndoo nzima. Endeleeni kuachana, mtavuta zaidi ya ndoo yenyewe. Pembetatu ni mbaya zaidi, maana kile kipande cha juu kinazivuta bolti zenyewe kwa zenyewe. Alielewa siku hiyohiyo; jamaa wa "nani kaanguka" bado tunabishana.

Sasa nondo. Chini ya Kipara kuna jiwe kubwa, kimo chake kama paa la jiko, ndilo tulilolifanya jiwe la majaribio. Tulichimba tundu kwa tindo na nyundo, siku mbili, malengelenge mikononi, tukapata kina cha kidole. Tukakunja nondo, tukajaza saruji, tukaimwagilia siku saba kama zege la mchango. Nikaazima chenbloku ya gereji, ile ya kunyanyulia injini kwa mnyororo, tukajaza viroba mchanga kilo hamsini hamsini, tukavipima kwenye mzani wa korosho. Kiroba cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa, fundi ujenzi akaanza kucheka. Cha tatu, akaomba apigwe picha. Cha nne kilipotoka chini tu, nondo ikachomoka na saruji yake yote kama kizibo cha chupa, viroba vikapasuka, chenbloku ikaanguka juu ya mchanga. Mwenye gereji alinidai elfu ishirini ya mnyororo uliopinda. Picha ipo, fundi anatabasamu.

Baada ya hapo nikaingia gharama. Nilichagua bolti za gundi, za stenlesi, zenye kitanzi kimoja bila nati, kwa hiyo hakuna cha kulegea. Jamaa yangu alizileta toka safari. Bolti, mirija ya gundi ya epoksi na nauli za huku na huku, ni kama laki tatu na ushee, sikuandika. Pete na minyororo ya juu nilitaka kununua dukani, na hapo wenye maduka watanisamehe. Kila muuzaji anaapa ni stenlesi. Mimi nilitembea na sumaku niliyoibandua kwenye spika ya redio mbovu. Stenlesi nzuri ya namna hii sumaku inaiteleza, au inaishika kwa uvivu sana. Duka la kwanza mnyororo uliruka wenyewe ukaganda kwenye sumaku, muuzaji akaangalia dari. Duka la tatu ndiyo nikapata.

Kuchagua mahali pa kutoboa usikurupuke. Gonga na nyundo. Jiwe likilia ngi! kama kengele, limeshikamana. Likijibu bwu, kama mtungi mtupu, hilo ni gamba, na mawe yetu yana magamba mengi. Bolti mpya kwenye gamba ni hereni kwenye sikio la kuazima. Mojawapo ya bolti za wageni ilikuwa kwenye gamba, na sitaki kuifikiria.

Shimo ni la milimita 14, kina sentimita 10. Kutoboa ni dakika chache ukiwa na drili ya nyundo. Kazi iko kwenye vumbi. Gundi haishiki jiwe kama kuna unga katikati. Inashika unga, na unga haushiki kitu. Lazima upulize, usugue, upulize, usugue. Sikuwa na cha kupulizia. Nikatazama huku na huku, nikamwona mwenye shamba, babu yetu wa pale, anapulizia mikorosho salfa. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wenyewe wa ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ile mashine anaibeba mgongoni, inanguruma, inarusha salfa mpaka kilele cha mkorosho. Nikajiambia, kitu kinachofika kilele cha mkorosho kitashindwaje na kishimo cha sentimita kumi?

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Naomba mashine dakika tano."

"Chukua. Salfa nimefunga, hapo ni upepo mtupu."

Kweli alikuwa amefunga. Lakini bomba lile limepitisha salfa tangu alfajiri. Mimi mtaalamu wa minara nikapeleka mdomo wa bomba kwenye shimo, na ili nione vumbi linavyotoka nikasogeza uso. Nikampa mpwa wangu ishara avute moto.

Sikuona kitu tena. Nilisikia tu kishindo, halafu macho yakaanza kuwaka kana kwamba nimeyapaka pilipili. Salfa mdomoni, puani, masikioni. Nilioshwa kwa dumu zima la maji ya kunywa. Nilipoweza kufumbua jicho moja, watoto wa shamba walikuwa wamelala chini kwa kicheko, na mpwa wangu, ambaye ndiye aliyevuta moto, alikuwa anacheka kuliko wote. Babu hakucheka. Alinitazama nilivyo wa njano kichwa hadi kifuani, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, mwaka huu wewe hupati ubwiri."

Shimo lenyewe lilijaa unga wa njano ndani. Nikaliacha, nikatoboa jingine pembeni.

Suluhisho lilikuwa nyumbani muda wote. Pampu ya baiskeli, mbele yake nikachomeka mpira wa dripu ukafika mwisho wa shimo, ili vumbi lisukumwe kutoka ndani kuja nje. Brashi ni ile ya kusugulia chupa ya mtoto. Mke wangu alinunua nyingine na hajanisamehe. Nilipuliza mara nne, nikasugua mara nne, nikarudia mpaka kitambaa nilichokizungushia kijiti kikatoka kikavu na cheupe. Vaeni miwani, nimeshawaambia kwa nini.

Gundi inataka asubuhi na mapema. Jua la Masasi likipanda inaganda ndani ya mdomo wa mrija, nilipoteza mmoja hivyo. Inayotoka mwanzo usiitie shimoni, imwage kwenye jani la mkorosho mpaka rangi iwe moja. Jaza kuanzia ndani, ingiza bolti ukiizungusha polepole, gundi kidogo ifurike nje. Halafu ondoka. Kuiacha ndiyo kazi ngumu, mpwa wangu alitaka kuitingisha kila dakika kumi.

Kesho yake tukarudisha chenbloku, mwenye gereji akiwa amesimama pembeni safari hii. Viroba kumi, nusu tani, vikaning'inia wakati tunakula muhogo. Haikusogea hata unywele. Najua hilo si jaribio la maabara. Bolti nzuri inatakiwa kuhimili kilonyutoni 25 ikivutwa kwa pembeni, kama tani mbili na nusu, na viroba vya kufika huko hatuna. Lakini nilishaona nondo kwenye kiroba cha nne, kwa hiyo nusu tani ilinipa usingizi.

Za zamani tulizitoa kwa kuzikaza mpaka zikatike, spana nimeivalisha kipande cha bomba la maji kupata nguvu. Nilikuwa nimejaribu mtalimbo kabla, nikamega jiwe bure. Kati ya kumi na moja, tano zilikatika kabla sijavalisha bomba. Mbili zilikuwa nzima kabisa, ziligoma mpaka nikatoka jasho, na kwa nje zilifanana na zile mbovu. Visiki tulivigongelea ndani na kuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe.

Njia tatu zimekamilika. Juu, bolti zimekaribiana, kila moja na mnyororo wake, inayokutana kwenye pete moja, na pembe iko chini sana ya nyuzi 60. Jamaa wa "nani kaanguka" alikuja Jumapili, hakuuliza kitu, akapanda njia ya pili akashuka. Kisha akaomba kuona ile bolti yenye choroko. Aliishika muda mrefu.

Njia ya nne, ya upande wa nyuki, bado. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye bolti ya chini, tafadhali msiipande. Gundi ipo ya kutosha bolti nne hivi. Kilichokosekana ni pampu: aliyeiazima siku ya gulio, naomba airudishe, na ule mpira wa dripu pia.