Siku moja na ramani kongwe za Unguja

Saa mbili asubuhi, Kilimani. Nyaraka za Taifa zikifunguliwa tu nami nimeshafika. Ninaingia na kalamu ya risasi na daftari, kwa sababu wino hauna ruhusa kukaribia karatasi hizi. Nimeomba ramani ya mji ya mwaka 1892. Nimeshaiona mara nyingi, lakini kila ikitandazwa mezani macho hukimbilia pale pale: ule mkono wa bahari unaoingia Funguni, ukazunguka nyuma ya Mji Mkongwe na kushuka kuelekea Mnazi Mmoja. Watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa maji, walivuka kwa daraja. Leo hapo pana barabara kubwa, maduka na zogo la Darajani, maana maji yalifukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20. Hata hivyo, bahari ya bamvua bado hupenya hadi viwanja vya Mnazi Mmoja. Ndiyo maana sikubali ramani hizi ziitwe mapambo ya ukutani. Zinatwambia maji yalikuwa na njia gani kabla sisi hatujaifunga.

Saa nne na nusu, ofisini. Kazi ya kompyuta, na ndiyo inayokula muda kuliko zote. Nina shiti, yaani karatasi moja ya ramani, ya mizani ya 1:10,000, iliyochorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege miaka ya 1970, inayoonesha upande wa Fuoni, pembezoni mwa mji. Nataka kuilaza juu ya picha za ndege zisizo na rubani, zile za mradi ulioanza 2016 ambao vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Ili zikae sawa, natafuta vitu vilivyopo katika zote mbili na ambavyo havikuhama: pembe ya msikiti wa zamani, njia panda, kisima kilichojengewa. Ufukwe siuamini, mikandaa ndiyo kabisa, husogea na kurudi. Na kabla ya yote lazima kompyuta ijue kwamba shiti hii imepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, si huu wa GPS unaotumiwa na simu zetu. Ukiuruka mfumo huo, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Kwa umbali huo nyumba ya mtu inahamia bonde la jirani.

Zikishakaa sawa, nazima na kuwasha picha ya juu. Chini: minazi, vijia vya miguu, nyumba chache chache, bonde lenye alama ya majimaji. Juu: mabati, mabati, mabati.

Saa saba. Swala, wali na mchuzi wa samaki, kisha daladala ya Fuoni.

Saa tisa, nyuma kidogo ya barabara kuu. Sheha, kiongozi wa serikali wa hapa mtaani, amenipeleka kwa bi mkubwa aliyelima hapa tangu ujana wake. Namwamkia, ananipokea, anakataa tuzungumze kabla sijanywa maji. Familia yake ilipata eka tatu katika mgao uliofuata Mapinduzi ya 1964. Baadaye watoto wakaoa, ikaja gharama ya hospitali, ikaja ya skuli, na eka zikakatwa viwanja. Ardhi ya pembezoni mwa mji imegeuka hivyo kwa wengi, shamba likiondoka kwa mafungu madogo madogo, na hakuna ramani iliyochorwa ikaonesha sababu.

Namfungulia karatasi chini ya mwembe. Anaigeuza kidogo hadi ielekee vile anavyoelekea yeye.

"Hapa mpunga, mwanangu. Hapa kinamo, maji hayanywei. Na hapa," anaburuta kidole toka kona ya bonde hadi kwenye njia, "ndipo yalipokuwa yakitokea. Masika yakikaza, mwenye mpunga upande huu alikuwa akiomba Mungu yatoke upesi."

Hilo la kidole halimo katika shiti. Mpimaji aliona bonde toka angani akatia alama yake, na alama ni ya kweli, ila haisemi maji hukaa wiki ngapi wala hutokea wapi. Nataka wote wanaopima ardhi yetu walielewe hili: ramani bila waliolima ni nusu ya ushahidi. Na waliolima wanazeeka.

Tunaufuata mkondo wake kwa miguu, mimi nikiweka nukta kwenye simu. Katikati tunakuta ukuta mpya wa matofali, na mbele yake vigingi vya kiwanja kingine. Fundi anasema mwenyewe yuko mjini. Sheha anaandika jina la mtaa na kuniuliza kama naweza kumpa karatasi ya kubandika ofisini, mtu akija kutaka saini ya mauziano aoneshwe kwanza.

Saa mbili usiku, nyumbani. Nimechora mkondo kwa rangi ya buluu juu ya picha ya sasa. Unapita chini ya mapaa kumi na moja na kukata vile vigingi katikati. Nimeandika majina ya mabonde kama bi mkubwa alivyoyataja, maana kwenye shiti mawili kati yake hayakuandikwa kabisa. Kesho asubuhi nachapisha nakala mbili kubwa, moja ya sheha, na moja ya bi mkubwa, ambaye ameomba iandikwe kwa herufi nene asihitaji kusomewa.