Fungate yetu ni New York, Januari!
Tumeshakubaliana na mwenzangu: tunaifuata theluji. Wengi wanatushauri twende ufukweni, lakini moyo wangu uko huko kwenye baridi. Halafu sikukuu zikishapita, hoteli nyingi za New York hushusha bei, kwa hiyo tutapata chumba kizuri zaidi kwa pesa ileile.

Kilichonishughulisha zaidi ni mwanga. Mwanzoni mwa Januari jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni! Basi asubuhi ni Central Park, mchana makumbusho penye joto, jioni tunapanda kivuko cha Staten Island, ambacho ni bure na kinapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Nataka tusimame nje pale, hata upepo ukituchapa.

Viatu visivyopitisha maji ni lazima. Theluji ikiyeyuka, kwenye kona za barabara hujaa madimbwi ya maji ya barafu, na soksi zikilowa siku imeharibika. Nguo tutavaa tabaka kwa tabaka, maana ndani wanawasha vipasha joto kwelikweli.

Siku moja nimeiacha wazi kabisa, tulale tu mpaka tuchoke. Ni fungate jamani!